Nukta ya utatu ya maji: jinsi ya kuichora, kuifikia na kuitumia

Huenda umewahi kuona video ya maji kidogo ndani ya chombo cha kioo, pampu inanguruma pembeni, maji yanachemka kwa fujo, kisha ghafla yanaganda huku bado yanatoa mapovu. Chini yake wameandika: "Hii ndiyo nukta ya utatu." Ni karibu na ukweli, lakini ile fujo ni safari ya kuipitia nukta, siyo nukta yenyewe. Ukiipata sawasawa haina fujo hata kidogo. Barafu, maji na mvuke vimekaa pamoja ndani ya chombo kimoja, hakuna kinachoongezeka, hakuna kinachopungua, na namba kwenye kipimo haitikisiki. Lengo la mwongozo huu ni kukufikisha kwenye utulivu huo.

Namba zenyewe ni mbili: halijoto ya 0.01 °C (yaani kelvini 273.16) na kanieneo ya paskali 611.657. Kanieneo ni kile ambacho wengine huita shinikizo na mafundi huita presha. Ya hapa ni ndogo mno, kama sehemu moja ya 166 ya kanieneo ya kawaida ya angahewa usawa wa bahari. Jina la nukta hii lilitolewa mwaka 1873 na James Thomson, kaka wa yule William Thomson anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin. Baadaye kipimo kilichopewa jina la mdogo kikaja kusimamishwa juu ya nukta iliyopewa jina na mkubwa.

Kazi ziko nne, na zinazidi kuwa ngumu kadiri unavyoendelea. Ya kwanza inahitaji penseli tu.

Kwanza, chora ramani

Chukua karatasi ya grafu. Mstari wa chini uwe halijoto, kuanzia −20 °C hadi 20 °C. Mstari wa kusimama uwe kanieneo, kuanzia 0 hadi paskali 2,500, sentimita moja kwa kila paskali 100. Weka alama hizi:

−20 °C: paskali 103
−10 °C: paskali 260
0.01 °C: paskali 612
10 °C: paskali 1,228
20 °C: paskali 2,339

Ziunganishe kwa mkono mwepesi. Upande wa kushoto wa 0.01 °C umechora mpaka kati ya barafu na mvuke. Upande wa kulia, mpaka kati ya maji na mvuke. Sasa simamisha penseli kwenye alama ya katikati na upandishe mstari wa tatu, wima kwenda juu. Huo ni mpaka kati ya barafu na maji. Kwa haki haujasimama wima kabisa, umeegemea kushoto kidogo: ukiongeza kanieneo ya angahewa moja, barafu inayeyuka kwenye halijoto iliyo chini kwa nyuzi 0.0075 hivi. Hakuna penseli iliyochongwa vizuri kiasi cha kuonyesha tofauti hiyo. Unaegemea kushoto kwa sababu barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji iliyotokana nayo (kilo 917 kwa mita ya ujazo, dhidi ya karibu 1,000 za maji), kwa hiyo ukiibana unaisukuma kuelekea kwenye maji. Vitu vingi vingine mstari wao huegemea kulia.

Pale mistari mitatu inapokutana ndipo nukta ya utatu ilipo. Kwenye karatasi yako iko sentimita sita hivi kutoka chini. Kanieneo ya chumba ulichokaa, paskali 101,325 ukiwa usawa wa bahari, ingehitaji karatasi yenye urefu wa mita kumi. Ndiyo maana hujawahi kukutana na nukta hii kwa bahati: unaishi mita kumi juu yake.

Usiiache ramani bado, kuna jambo pale kwenye makutano ambalo wengi hulipita. Tazama mstari wa barafu na mvuke unavyofika kwenye nukta: umesimama zaidi kuliko mstari wa maji na mvuke unavyoondoka. Sababu ni kwamba kutoa mvuke kwenye barafu kunagharimu joto zaidi, kilojuli 2,835 kwa kilo, wakati kwenye maji ni 2,501. Tofauti ya hizo mbili, 334, ni lile joto la kuyeyusha barafu. Sasa urefushe mstari wa maji na mvuke kwenda kushoto kwa nukta nukta, kupita kwenye alama ya −10 °C na paskali 287. Hayo ni maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda. Yanatoa mvuke kwa kanieneo ya 287 wakati barafu iliyo jirani yake inatosheka na 260. Mvuke utatoka kwenye maji na kutua kwenye barafu, mpaka maji yaishe. Fuwele za barafu ndani ya mawingu hunenepa kwa njia hii hii. Upande wa kulia wa nukta mambo yanageuka, barafu ndiyo inayoliwa. Ni mahali pamoja tu ambapo hakuna anayemla mwenzake.

Kanuni ya Josiah Willard Gibbs, ya miaka ya 1870, inasema jambo hilo kwa hesabu fupi: chukua idadi ya vitu vilivyomo, toa idadi ya hali zilizopo pamoja, ongeza mbili. Jibu ni idadi ya vipimo ambavyo una uhuru wa kuvichagua. Maji matupu ni kitu kimoja. Yakiwa katika hali moja, jibu ni mbili: chagua halijoto, chagua kanieneo. Maji na mvuke pamoja: moja, ukichagua halijoto, kanieneo inajipanga yenyewe. Hali tatu pamoja: sifuri. Huna la kuchagua. Hicho ndicho kinachoifanya nukta hii iwe na thamani kwa wapimaji: mtu yeyote, popote, akizikutanisha hali tatu za maji safi, lazima apate halijoto ileile. Kipimo chake kikisema vingine, kipimo ndicho chenye kosa.

(Ukitaka kuangalia mbali zaidi: kwenye sayari ya Mirihi wastani wa kanieneo ya hewa uko karibu sana na mstari wako wa 612. Wanasayansi waliwahi kuichukua paskali 610.5 kama usawa wa kupimia milima ya huko, "usawa wa bahari" wa sayari isiyo na bahari.)

Pili, beseni la barafu

Hii siyo nukta ya utatu, ni ndugu yake wa karibu, na kwa matumizi mengi inatosha. Barafu na maji vikiwa wazi kwa hewa hukaa kwenye 0.00 °C, yaani nyuzi 0.01 chini ya nukta ya utatu. Nyuzi 0.0075 kati ya hizo zinatokana na kanieneo ya hewa, na 0.0024 zinatokana na hewa iliyoyeyuka ndani ya maji.

1. Tengeneza barafu kwa maji yaliyokenekwa, na weka mengine ya maji hayohayo kwenye friji yapoe. Usitumie maji ya betri bila kusoma chupa. Mengine ni asidi.

2. Ponda barafu iwe chembe ndogo kama punje za mahindi au chini yake. Osha mikono na vyombo. Gramu moja ya chumvi kwenye lita moja ya maji inashusha halijoto kwa nyuzi 0.06 hivi, na vidole vyenye jasho vina chumvi.

3. Jaza thamosi kwa barafu hiyo hadi juu, kisha mimina maji baridi yazibe nafasi kati ya chembe. Yasizidi. Barafu ikianza kuelea, punguza maji.

4. Koroga, acha dakika 15, ingiza kipimajoto hadi katikati ya barafu, mbali na kuta na kitako. Soma namba ikishatulia.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibu vipimo vya watu wengi. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo glasi yenye vipande vichache vinavyoelea juu ina maji ya nyuzi 3 au 4 yaliyotulia chini, palepale ncha ya kipimajoto inapoegemea. Mtu anaandika kwamba kipimajoto chake kina kosa la nyuzi tatu, kumbe kipimajoto kinasema kweli.

Tatu, kuipitia kwa pampu

John Leslie aliyagandisha maji kwa njia hii mwaka 1810: aliweka maji chini ya kioo, akatoa hewa kwa pampu, na asidi ya salfa iliyokuwa jirani ikaunyonya mvuke. Wewe hutahitaji asidi ukiwa na pampu nzuri.

Swali la kwanza ni pampu ipi. Inabidi ishuke chini kabisa ya paskali 600. Inayofika 100 au chini ya hapo ni salama zaidi kwa kazi hii. Zile za maabara zinazofungwa kwenye bomba la maji hazitafika, kwa sababu haziwezi kushuka chini ya kanieneo ya mvuke wa maji yanayozipitia zenyewe, ambayo kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya paskali 2,300. Unahitaji pampu ya mafuta inayozunguka. Chombo kiwe kioo kinene kilichotengenezwa kwa ajili ya ombwe. Chupa ya kawaida inaweza kupasukia ndani, na vipande vyake haviishii ndani. Vaa miwani ya kinga, na mwenzako anayekuja kuchungulia naye avae.

Swali la pili, kiasi cha maji, ndilo watu hawalitilii maanani. Tufanye hesabu ya gramu 10 za maji yaliyo kwenye nyuzi 20. Kuyapoza hadi sifuri kunahitaji kama gramu 0.34 zigeuke mvuke na kuondoka na joto. Kuyagandisha yaliyobaki kunahitaji gramu 1.14 nyingine, kwa sababu kila gramu inayoondoka kama mvuke inaacha nyuma gramu saba na nusu za barafu. Jumla ni gramu moja na nusu. Ni kidogo, lakini mvuke huu ni mwepesi kupita kiasi: kwenye nukta ya utatu mita nzima ya ujazo ina gramu 4.85 tu. Kwa kipimo hicho, gramu moja na nusu ni kama lita 300 za mvuke ambazo pampu lazima izivute. Pampu ya lita 50 kwa dakika itahangaika dakika tano na zaidi. Ukiweka glasi nzima utakaa hapo saa mbili hivi, na mvuke wote huo unapita ndani ya mafuta.

Mimi nilijifunza hilo kwa pampu ya kuazima. Niliweka maji nusu chupa, nikasubiri, nikasubiri, na nilipotazama kidirisha cha mafuta kwenye pampu, mafuta yalikuwa meupe kama maziwa. Barafu sikuiona siku hiyo. Niliyabadilisha mafuta mara mbili kabla sijairudisha kwa mwenyewe.

Sasa hatua:

1. Chemsha maji yaliyokenekwa dakika kumi ili hewa itoke, yafunike yapoe.

2. Mimina mililita 10 kwenye kisahani cha kioo kisicho na kina, kiweke juu ya kipande cha koki au sponji kavu. Kikikaa moja kwa moja kwenye chuma, chuma kitayapa maji joto kwa kasi ileile mvuke unavyoyanyang'anya.

3. Ncha nyembamba ya kipimajoto iwe ndani ya maji. Kati ya chombo na pampu weka vali, na kipimo cha kanieneo kiwe upande wa chombo.

4. Washa pampu, fungua vali taratibu. Mapovu ya kwanza madogo ni hewa iliyobaki, siyo kuchemka. Kuchemka kwenyewe kunaanza kanieneo inapokaribia 2,300, mapovu makubwa yanayopasuka juu na kurusha matone. Ukiona yanaruka sana, bana vali kidogo.

5. Halijoto inashuka: 15, 10, 5. Mchemko unapungua kadiri maji yanavyopoa. Usishangae namba ikipita sifuri na kufika −3 au −5 bila barafu. Maji safi yaliyotulia husita kuganda.

6. Kisha, kufumba na kufumbua, utando mweupe unapita juu ya maji yote na halijoto inaruka kurudi karibu na sifuri. Joto lililotolewa na maji yanayoganda ndilo lililoirudisha. Chini ya utando maji bado yapo, na mvuke unatafuta njia: utaona utando unainuka, unapasuka, unarusha punje za barafu.

7. Hapa, kabla yote hayajaganda, funga vali.

Hatua ya saba ndiyo isiyoonekana kwenye video, na bila hiyo hukuifikia nukta, uliipita tu. Vali ikifungwa, mvuke unajaza nafasi iliyopo, mchemko unakoma, na katika dakika moja au mbili kanieneo inakwenda kutulia jirani na paskali 611 huku kipimajoto kikisoma sifuri na kidogo. Shika chombo kwa viganja: joto lako linayeyusha barafu kidogo, lakini namba hazisogei. Ndiyo ile sifuri ya Gibbs, unaishika mkononi. Ukiona kanieneo inazidi kupanda bila kusimama, kuna hewa inavuja kutoka nje, na kipimo chako sasa kinapima hewa hiyo pamoja na mvuke.

Ukifungua vali tena na kuacha pampu iendelee, maji yanaisha, na mara yanapoisha hakuna tena kinachoishikilia halijoto. Barafu inaanza kuteremka peke yake kwenye mstari wa kushoto wa ramani yako, −5, −10 na kuendelea, huku ikitoa mvuke bila kuyeyuka. Dawa na vyakula vinavyokaushwa kwa kugandishwa hukaushwa upande huo wa ramani.

Ukimaliza, fungua ile vali ndogo ya kuingiza hewa kwenye pampu yenyewe na uiache izunguke nusu saa, mafuta yateme maji.

Nne, seli yenyewe

Hapa tunaingia kwenye kazi ya wapimaji. Seli ya nukta ya utatu ni chupa ya kioo au kwazi, iliyojazwa maji safi kupita kiasi, ikatolewa hewa yote, kisha ikazibwa kwa moto. Katikati yake kuna mrija ulioziba chini na kufunguka juu, ambamo kipimajoto huingia bila kuyagusa maji. Hutaitengeneza nyumbani, utapewa, na utaambiwa usiivunje. Tangu mwaka 1954 hadi 2019 kelvini yenyewe ilikuwa ni sehemu moja ya 273.16 ya halijoto iliyomo ndani ya chupa kama hii. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvini inatokana na namba ya Boltzmann (inayounganisha halijoto na nishati), na seli imekuwa kitu kinachopimwa badala ya kuwa kipimo cha mwisho; lakini maabara bado zinaitumia kila siku, kwa sababu ni rahisi na haidanganyi zaidi ya takribani nyuzi 0.0001.

Kabla ya kugandisha, isikilize. Iinamishe polepole hadi maji yagonge kioo. Seli nzima hutoa mlio mkavu, tik, kama sarafu juu ya meza ya marumaru. Ndani hakuna hewa ya kuwa mto, maji yanagonga kama jiwe. Mlio ukiwa mzito, kama wa chupa ya kawaida, hewa imeingia. Usiigonge kwa nguvu ili kusikia vizuri. Mlio huohuo ndio unaovunja seli.

Kisha:

1. Izamishe kwenye beseni la barafu iliyopondwa saa kadhaa, usiku kucha ikiwezekana.

2. Kausha mrija wa kati kabisa, tia pombe safi kidogo chini yake, halafu jaza barafu kavu iliyopondwa, kidogo kidogo. Barafu kavu iko kwenye −78.5 °C: vaa glavu, na chumba kiwe na hewa ya kutosha.

3. Maji yatapoa chini ya sifuri, kisha sindano za barafu zitalipuka kila upande kwa mara moja. Usiogope. Baada ya hapo barafu angavu kama kioo itaanza kuota kuzunguka mrija, kutoka ndani kwenda nje. Endelea kujaza barafu kavu hadi gamba lifike unene wa milimita 5 hadi 10. Macho yanadanganya: kioo na maji vinakuza, gamba linaonekana nene kuliko lilivyo. Litazame kutoka chini.

4. Muda wote huo macho yako yawe juu, pale maji yanapokutana na mvuke. Barafu hupenda kuota hapo na kujenga daraja kutoka kwenye mrija hadi ukuta wa nje. Daraja likifunga, maji yanayoendelea kuganda chini yake hayana pa kutanukia, na kioo kinapasuka. Ukiliona linaanza, zungushia kiganja cha joto mahali hapo na utikise seli taratibu.

5. Acha barafu kavu iishe yote, jaza mrija maji baridi, rudisha seli kwenye beseni.

6. Siku ya kupima, ingiza fimbo ya kioo yenye joto la chumba ndani ya mrija kwa sekunde chache. Toa, shika seli, izungushe kwa ghafla robo duara. Kioo kizunguke na barafu ibaki nyuma, ielee bila kushikwa. Ikizunguka pamoja na kioo, bado imeganda kwenye mrija, rudia fimbo.

Hatua ya sita inaonekana kama mchezo lakini ndiyo moyo wa kazi. Kipimajoto hakihitaji barafu iliyobana mrija. Kinahitaji utando mwembamba wa maji kati ya mrija na barafu, uliotokana na barafu hiyohiyo. Barafu inapoganda huusukuma uchafu kwenda nje, kwa hiyo maji ya utando huo wa ndani ni safi kuliko maji mengine yote ndani ya chupa.

Uvumilivu nao unahitajika. Gamba jipya limeganda kwa haraka na barafu yake imejikunja ndani kwa ndani. Halijoto yake huwa chini kidogo, sehemu ya elfu moja ya nyuzi au pungufu ya hapo. Ngoja angalau siku moja. Wanaotaka usahihi wa juu husubiri wiki.

Wakati wa kusoma, yapo masahihisho madogo. Ncha ya kipimajoto iko chini ya uso wa maji, na uzito wa maji yaliyo juu yake unashusha halijoto kwa milikelvini 0.73 kwa kila mita. Kwa kina cha sentimita 25 ni 0.18. Mkondo wa umeme unaopima waya wa platinamu ulio ndani ya kipimajoto unaupasha waya joto kidogo, kwa hiyo pima kwa mikondo miwili na ukokotoe ingekuwaje mkondo ungekuwa sifuri. Mwanga wa taa nao unapenya kwenye barafu na kuteremka kwenye mrija: funika kwa kitambaa cheusi. Hata asili ya maji ina neno, kwani maji yenye atomi nzito chache kuliko ya bahari huhamisha nukta kwa makumi ya mikrokelvini. Ndiyo maana mwaka 2005 ilibidi itamkwe rasmi kwamba maji yanayokusudiwa ni yenye mchanganyiko wa atomi kama wa maji ya bahari uliowekwa kuwa kiwango.

Seli iliyoganda inaweza kukaa kwenye beseni wiki nyingi ikihudumiwa. Usiiweke kwenye friji ya kugandisha hata dakika moja. Kila asubuhi chunguza daraja kwanza, ndipo uguse kingine.

Barafu kavu iliyobaki

Usiitupe. Kabonidioksidi nayo ina nukta yake ya utatu, kwenye −56.6 °C na kanieneo zaidi ya mara tano ya angahewa. Ya maji iko chini mno kwetu, hii iko juu mno, ndiyo maana barafu kavu haituonyeshi kimiminika chake. Vaa miwani. Chukua kidonezi laini cha plastiki chenye tumbo, kata ncha, tia punje nane au kumi za barafu kavu hadi zifike tumboni. Kunja shingo, ibane kwa koleo, na uzamishe tumbo kwenye bilauri ya plastiki yenye maji ili kikipasuka vipande vibaki majini. Sekunde chache hakuna kitu. Kisha punje zinaanza kung'aa pembeni, zinalegea, na chini ya tumbo kinatulia kimiminika angavu kama maji, kinatikisika, na vipande vilivyobaki ndani yake vinazama, kwa sababu hapa barafu ndiyo nzito. Legeza koleo kidogo tu. Kinachemka na kuganda kwa mpigo, na tumbo zima linajaa theluji. Bana tena, kinarudi.